Mtoto atapiga kelele ukumbini, nimpeleke? Maswali yenu na majibu

Wiki hii ni zamu ya wenye watoto wenye usonji, mtindio wa ubongo, uziwi na mahitaji mengine, wanaotaka kuwapeleka kutazama michezo ya jukwaani.

Shikamoo dada. Mwanangu ana miaka 8, ana usonji. Makofi yakipigwa anaziba masikio na kulia. Nimpeleke au nimwache nyumbani? – Mama, Tabata

Marahaba. Mpeleke, ila asiende kichwakichwa. Mara nyingi kinachomtesa ni kushtukizwa. Pita ukumbini mapema na simu yako, upige picha: lango, mlinzi na kile kidude chake cha kukagulia kinacholia, dirisha la tiketi, choo, viti, jukwaa likiwa tupu. Mwonyeshe picha hizo kwa mpangilio uleule kila jioni hadi siku yenyewe. Waulize waigizaji ni wapi kuna mlio wa ghafla au taa kuzimwa, nawe umwambie mtoto, hata mwisho wa hadithi ukibidi. Chagua kiti cha pembeni karibu na mlango. Akichoka baada ya dakika 20, ondokeni zenu. Dakika 20 si haba.

Tuna kikundi cha maigizo, ukumbi tunakodi, pesa hatuna. Tubadilishe nini? – Kiongozi wa kikundi, Nairobi

Oktoba 2011, jijini New York, shirika la Theatre Development Fund liliandaa onyesho la *The Lion King* kwa familia zenye watoto wenye usonji. (Naam, ule wa Simba na Rafiki, majina ya kwetu.) Mchezo haukuandikwa upya. Sauti za kushtua zilipunguzwa, taa za kumetameta zikaondolewa, na pakatengwa mahali pa mtoto kutulia akizidiwa.

Hayo mnayaweza. Taa za watazamaji msizizime zote, ili mtoto amwone mzazi wake na mlango. Za kumetameta ziondoeni kabisa, maana wapo wenye kifafa ambao huwaangusha. Spika zishushwe. Tafuteni chumba kimoja, hata kile cha kubadilishia nguo, mtandike mkeka na pawe kimya. Anayetoka arudi bila kudaiwa tiketi tena. Kama kuna fisi kwenye mchezo, mwigizaji wake atangulie kutokea uso wazi, ataje jina lake, avae kinyago watoto wakimtazama, akivue, akivae tena. Watacheka, na fisi akija kweli hawatampigia mayowe ya woga.

Na mlinzi wa langoni aelezwe mapema. Nimeshuhudia kazi nzuri ya kikundi kizima ikiharibiwa na askari mmoja aliyemkemea mtoto aliyekuwa akirukaruka tu. Jenereta nayo ikiwa inanguruma nyuma ya viti, kushusha spika ni kazi bure.

Nimelipia tiketi yangu. Kwa nini nivumilie mtoto wa mtu akipayuka? – Msomaji, Kinondoni

Kwenye taarabu watu huinuka katikati ya wimbo kwenda kutunza, vigelegele juu, na sijasikia mtu akidai arudishiwe kiingilio. Hata hivyo una haki ya kujua unachoendea. Tangazo liseme wazi: la saa 8 mchana limelegezwa masharti, kelele na kuzunguka ruksa. Ukitaka kimya, njoo la saa 1 usiku. Ingawa ukumbi wa Battersea Arts Centre, London, uliamua mwaka 2020 kwamba ulegevu huo uwe utaratibu wa ukumbi mzima, na mimi niko upande wao.

Wanafunzi wangu ni viziwi. Kikundi kutoka Kenya kinakuja na mkalimani wake. Yatosha? – Mwalimu, Arusha

Haitoshi. Lugha ya alama ya Kenya na ya Tanzania ni lugha mbili. Tafuteni mkalimani wa hapa, apewe mswada wiki kadhaa kabla, na asimame jukwaani penye mwanga, karibu na wanaozungumza. Akiwekwa kwenye kona ya giza, watoto watachagua kumtazama yeye au mchezo, na vyovyote watakosa kimoja.

Binti yangu haoni vizuri, hasemi, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kuna maana gani kumpeleka? – Baba, Mombasa

Ipo, baba. Kikundi cha Oily Cart cha London, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimejenga kazi yake kwa watoto kama yeye: hadithi inanuswa, inaguswa, inasikika karibu na shavu. Wamewahi hata kuigizia ndani ya bwawa la maji ya vuguvugu. Huketi watoto wachache tu, na mwigizaji humwimbia kila mmoja kwa jina lake. Kwa Mombasa, wasanii wawili, ngoma ndogo, beseni la maji ya bahari na asumini vinatosha kuanzia. Waiteni shuleni kwake. Ngazi za kumbi zetu unazijua mwenyewe.

Msindikizaji alipe? – Mwenye ukumbi, Dodoma

Asilipe. Bila yeye, hata tiketi ya mtoto usingeiuza.