Wasifu kwanza, ukumbi baadaye

Tangu Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, Septemba 2025, hapa Arusha kila kundi la wakimbiaji wa Jumamosi linataka kuandaa usiku wa kuwaenzi wanamichezo wa kanda yetu. Ni jambo jema, tena limechelewa. Nimekaa kwenye kamati kadhaa za namna hiyo, kazi yangu ikiwa kuandika ule wasifu unaosomwa mtu anapoitwa mbele, kwa hiyo wanaoanza hunipigia simu kuomba ushauri. Ninachowaambia ni hiki: msikodi ukumbi mpaka wasifu wa kila mnayemwalika uwe umeandikwa, umehakikiwa, na mwenyewe ameshausikia.

Kamati nyingi huenda kinyume. Kikao cha kwanza kinajadili mgeni rasmi, cha pili sare na bango, cha tatu michango ambayo haijaingia. MC anapewa wasifu jioni yenyewe, tena kwenye simu ya katibu, na hapo ndipo utamsikia mzee mwenye medali ya kimataifa akitambulishwa kwamba "alikimbia sana enzi zake". Alikimbia wapi? Mwaka gani? Alimshinda nani? Ngao itakwenda kukaa kabatini kama ngao zote. Wajukuu waliokaa meza za nyuma wataondoka na maneno waliyoyasikia, na kama maneno yenyewe ni hayo, wameondoka mikono mitupu.

Mchukue Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Watu husema "alivunja rekodi ya dunia" wakaishia hapo. Wasifu wake unatakiwa umpeleke msikilizaji Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwenye fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Desturi ya mbio zile ilikuwa kuviziana mpaka mzunguko wa mwisho. Bayi alichomoka bastola ilipolia, akakaa mbele mpaka utepe, dakika 3 na sekunde 32.16. John Walker, kijana wa hapo hapo New Zealand, alimfukuza akawa wa pili, na yeye pia alikuwa chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun, 3:33.1. Mwaka uliofuata, kule Kingston, Jamaika, Bayi akaichukua na rekodi ya maili kwa 3:51.0. Kisha msomaji ataje mwaka 1976, kwa sababu vijana hawajui: Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziligomea Olimpiki ya Montreal kupinga New Zealand kupeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Walker akatwaa dhahabu ya mita 1500 Bayi akiwa nyumbani. Medali ya fedha aliipata Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Na ule muda wa Christchurch ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi Birmingham 2022, miaka 48. Hayo yote yanasomeka kwa dakika tatu. Nimeona ukumbi wa watu waliokuwa wakigombania soda ukinyamaza kwa takwimu tu.

Tabia nyingine ya kukwepa ni kumfungia mtu kwenye siku moja ya maisha yake. John Stephen Akhwari wa Mbulu anajulikana dunia nzima kwa marathoni ya Olimpiki ya Mexico City 1968: alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani jioni wa 57 na wa mwisho kwa saa 3:25:27, washindi wakiwa wameshavishwa medali. Kisa hicho kina haki ya kusimuliwa. Lakini ni MC gani anayeongeza kwamba miaka miwili baadaye, Edinburgh, kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola ya 1970, Akhwari huyo huyo alikuwa wa tano kwa saa 2:15:05? Ukisoma la kwanza peke yake, watoto wanadhani alikuwa mtu jasiri aliyechechemea. Ukisoma yote mawili wanaelewa kwamba aliyekuwa akichechemea Mexico alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu. Mimi sikubali kuandika wasifu wa Akhwari usio na Edinburgh.

Sasa mtabishana, maana kila kamati hubishana hapa: nani ni wetu? Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kabla ya hapo Mbulu, Babati na Hanang zote zilikuwa Arusha. Gidamis Shahanga wa Hanang alipotwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola Edmonton mwaka 1978, na ya mita 10,000 Brisbane mwaka 1982, alikuwa mtu wa mkoa wa Arusha kwa ramani ya siku zile. Fabiano Joseph wa Babati aliposhinda nusu marathoni ya dunia mwaka 2005 (Edmonton tena, sijui mji ule una nini na vijana wetu), ramani ilikuwa imeshabadilika. Simbu ni wa Singida, ila mazoezi yake ni hapa. Msigombane kwa mipaka ya serikali. Andikeni kigezo mapema, kabla jina lolote halijatajwa: aliyezaliwa, aliyelelewa kimichezo, au aliyefanya mazoezi yake ukanda huu. Kigezo kikija baada ya majina, kila mjumbe atakivuta kuelekea kwao.

Na mtazame orodha mara ya pili mhesabu wanawake. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41. Nimeona orodha za wazee watupu zilizoandikwa baada ya mbio hizo, na hakuna aliyeona kasoro.

Makocha ndio kazi ngumu, kwa sababu hawana karatasi. Matokeo yanamtaja mkimbiaji na nchi, basi. Ninachofanya ni kumuuliza kila mwanariadha swali moja: nani alikufundisha kabla hujajulikana? Kocha wa timu ya taifa wanamtaja bila kufikiri. Ukiwapa muda kidogo ndipo linapotoka jina la mwalimu wa shule ya msingi aliyewapeleka UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, aliyechora njia kwa majivu kwenye kiwanja cha shule na kupima muda kwa saa yake ya mkononi. Mzee mmoja, medali zake ziko ukutani, alimtaja mwalimu wa aina hiyo halafu akaniomba niandike jina la mwalimu kabla ya lake. Uliza wanariadha wanne au watano wa wilaya moja na utashangaa jina moja likirudi. Huyo ndiye wa kumpa tuzo ya ukocha, hata kama hajawahi kuvaa tisheti ya taifa, hata kama amestaafu na analima vitunguu. Kama ameshafariki, mwiteni mjane wake au mtoto wake, na wasifu usomwe kamili vilevile.

Waandishi wa michezo huwekwa mwisho wa orodha, mara nyingi kwa sababu kamati inataka habari yake itoke gazetini. Hiyo ni hongo, siyo heshima. Waheshimuni kwa sababu bila wao hamna cha kusoma. Mwandishi wa mkoani wa miaka ile alikuwa akilipwa kwa habari iliyotoka tu. Alikaa juani uwanja wa Sheikh Amri Abeid siku nzima, akaandika matokeo ya mashindano ya mkoa kwa mkono, kisha akatafuta simu ya kuyasomea Dar es Salaam. Huko yalikatwa yakabaki mistari minne. Ile mistari minne ndiyo ushahidi pekee kwamba fulani alikimbia muda fulani. Wengine bado wana maboksi ya vipande vya magazeti chini ya kitanda, Uhuru, Mfanyakazi, Daily News. Chama chao cha taifa, TASWA, kimekuwa kikiwapa tuzo wanamichezo bora kwa miaka mingi. Wao wenyewe mkoani hupewa tuzo na nani? Waombeni wawahakikishie wasifu mnazoandika, muwalipe kwa kazi hiyo, na siku ya sherehe nao waitwe mbele. Msiwasahau watangazaji wa redio. Kuna vijiji ambavyo Christchurch ilifika kwa betri za redio ya jirani.

Majina yahakikiwe na mwenye jina. Mafundi wa ngao hapa mjini wanaharibu sana majina ya Kiiraqw, "kh" inapotea, herufi zinahama, na ngao haifutiki. Piga picha ya maandishi, mtumie mhusika au mwanawe kwa WhatsApp, subiri jibu, ndipo mwambie fundi achonge.

Kuhusu mahali, binafsi sipendi kumbi. Kilimanjaro Marathon imekuwa ikifanyika Moshi tangu 2003, mwishoni mwa Februari au hapo jirani, na Uwanja wa Ushirika siku hiyo umejaa watu ambao tayari wana moyo wa mbio. Ongeeni na waandaaji mapema mkaombe nusu saa. Mzee akisomewa wasifu wake mbele ya vijana wenye namba vifuani, inakaa kuliko mbele ya meza kuu yenye maji ya chupa. Na barua moja iende halmashauri, kuomba majina yao yawekwe uwanjani. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye uwanja wetu wa mjini una jina lake, alikuwa mshairi, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na waziri wa sheria. Sina ugomvi na mshairi kupewa uwanja, wangepewa zaidi. Ila uwanja una mageti na majukwaa, na kule Olmoti ujenzi wa uwanja wa AFCON 2027 umeleta mageti mengine mengi yanayohitaji kuitwa kitu. Geti likiitwa Shahanga, konda wa kifodi atalitangaza bure kila siku.

Zawadi isiwe ngao peke yake. Bahasha ni nzuri, kadi ya bima ya afya ya mwaka mzima kwa mzee na mwenzi wake ni nzuri zaidi, na gharama yake mara nyingi haifiki ile ya mapambo ya ukumbi. Anayetoka Haydom au Katesh alale mjini siku moja kabla, kwa gharama yenu, pamoja na anayemsindikiza. Nauli apewe asubuhi, asiachwe akimngoja mhasibu saa nne usiku.

Wasifu zote zikishasomwa, zichapwe pamoja na picha: nakala moja Maktaba ya Mkoa, moja shule ya msingi aliyosoma kila mmoja, moja kwa familia. Na zile picha za zamani mlizoazima kwa ajili ya bango zirudishwe wiki hiyo hiyo. Zikilala kwa katibu mpaka mwezi unaofuata, hazitarudi.