Programu ya kuiga mkondo: yatazame maji yako kwanza

Vijana hapa Unguja wakiniuliza wapakue programu gani ya kompyuta ya kuiga mkondo wa maji kwa vipimo viwili (2D, yaani pande mbili tu badala ya tatu), nami huwauliza: unataka wastani wa kina kizima, au kipande kimoja chembamba? Bei isikushughulishe, programu nzuri za kazi hii ni huria na ni bure.

Wastani wa kina una maana kwamba kila nukta ya ramani inapewa kasi moja tu, kuanzia juu hadi chini. Unafaa pale kina kilipo kidogo sana kuliko upana, na Ghuba ya Chwaka ndiyo hasa. Chukua TELEMAC-2D, iliyoanzia kwenye shirika la umeme la Ufaransa, EDF, au ANUGA ya Australia ukiwa umeshazoea Python, lugha ya kuandikia programu. Zote mbili zinamudu jambo ambalo Chwaka huwezi kulikwepa: maji yakipwa, eneo kubwa hubaki kavu, yakijaa hulowa tena. Picha zikishatoka na rangi zake nzuri, usizishangilie bado. Muoneshe mama anayelima mwani. Anajua bamvua linapokausha na maji mafu yasipokausha, na akikwambia "hapa hapakauki", rudi kwenye data zako za kina.

Mkondo wa Pemba, yaani mlango wa bahari kati ya kisiwa hicho na bara, ni habari nyingine. Una kina cha mamia ya mita, wakati ule wa Unguja ni makumi tu. Kwa kujaa na kupwa peke yake bado wastani utakufikisha, lakini ukitaka kujua maji ya chini yanakwenda vipi tofauti na ya juu, achana na vipimo viwili.

Kipande chembamba ni kama maji yanavyoizunguka nguzo ya gati. Hapo mimi natumia OpenFOAM, iliyo huria tangu 2004. Yenyewe hufanya kazi kwa vipimo vitatu siku zote, kwa hiyo unaipa gridi, yaani wavu wa vijisanduku (seli) vya kukokotolea, yenye unene wa seli moja, na kuziandikia nyuso za mbele na nyuma `empty`, ili upande huo usikokotolewe. Ila usikimbilie nguzo. Anza na mfano wake wa `cavity`: sanduku la sentimita 10, ukuta wa juu unateleza mita 1 kwa sekunde, seli 20 kwa 20, hatua ya muda sekunde 0.005. Ukiongeza seli ziwe 40 kwa 40 bila kugusa muda, namba ya Courant (maji yanavuka seli ngapi kwa hatua moja ya muda) inapanda kutoka 1 hadi 2 na hesabu inaweza kuripuka, weka 0.0025. Halafu shusha mnato kutoka 0.01 hadi 0.001, namba ya Reynolds (nguvu ya mwendo wa maji ikilinganishwa na mnato wake) ifike 100, uache mkondo utulie, ulinganishe kasi za katikati na jedwali la Ghia na wenzake la 1982, watafiti waliokokotoa sanduku kama hilo. Zikikataa kufanana, nguzo isubiri.

Na kwa umeme wetu huu, kwenye `controlDict`, faili la OpenFOAM la kuongoza hesabu, andika `startFrom latestTime`, na matokeo yahifadhiwe mara kwa mara. Umeme ukirudi, ukiianzisha tena hesabu inaendelea kutoka matokeo ya mwisho yaliyohifadhiwa.