Jina "Armstrong" kwenye shokapu halithibitishi kwamba saspensheni ni ya kiwandani

SWALI: Nataka kununua MGB GT ya 1971, ile gari ya michezo ya Kiingereza. Muuzaji anasema saspensheni yote ni orijino, haijawahi kuguswa tangu itoke kiwandani, na kanitumia picha za shokapu za mbele zenye jina Armstrong na namba zake, zimeshika kutu kweli kweli. Anataka niongeze hela kwa ajili hiyo. Nitajuaje kama ni kweli?

JIBU: Kwa picha hizo huwezi kujua ndugu yangu, na huyo muuzaji naye ama hajui au anajua ila anategemea wewe usijue. Swali hili naletewa kila mara na ushahidi ni ule ule, jina limo kwenye chuma basi ni orijino. Hapana jamani!

Shokapu za MGB ni zile za mkono, yaani bodi iliyojaa oili yenye mkono unaopanda na kushuka, sio za bomba refu kama za magari ya siku hizi, na ni kweli kampuni ya Armstrong ndiyo iliyozitengeneza. Lakini hizi ni shokapu zinazofunguliwa na kukarabatiwa, na kwa miaka mingi sana biashara yake imekuwa ya kubadilishana, unapeleka mbovu yako unapewa iliyokwisha tengenezwa ambayo bodi yake imetoka kwenye gari la mtu mwingine kabisa. Jina lipo, namba ipo, ndani sili mpya, na gari ilikotoka hakuna anayekumbuka. Kwahiyo jina linakwambia nani alitengeneza ile bodi, ilifungwa lini kwenye gari hilo halisemi kitu.

Namba ndio zinawachanganya watu zaidi. Namba iliyomwagwa pamoja na chuma mara nyingi ni ya bodi ghafi, sio ile ya kitabu cha spea, sasa mtu anazilinganisha hazifanani anasema kapigwa, mwingine zinafanana anaongeza bei, na wote wawili wamekosea. Kutu nayo isikudanganye, spea iliyofungwa 1985 imepata miaka ya kutosha kuoza vizuri tu.

Wewe angalia vilivyoizunguka spea. MGB zilifungwa boliti za UNF, yaani za nyuzi za kipimo cha inchi, ukikuta boliti ya metriki inashika shokapu au mkono wa chini basi pale pameshafunguliwa, hakuna mjadala. Angalia kona za nati kama zimekwaruzwa na spana, angalia rangi na uchafu wa zamani kama vimepita juu ya kichwa cha boliti bila kukatika. Bushi za mikono ya chini zilikuwa raba nyeusi za kawaida za vipande viwili, ukiona nyekundu au bluu ni poliyurethani za baadaye, na ukiona zile zenye bomba la chuma ndani ni za aina ya GT V8, gari iliyoanza 1973, sasa kwenye gari ya 1971 zimefikaje? Stabilaiza ya nyuma, chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona, ilikuja na mabadiliko ya modeli ya 1977, kwahiyo ukiikuta kwenye gari ya 1971 imeongezwa baadaye. Mwisho wa springi ukiwa na alama ya grainda au gasi ujue kuna mtu aliishusha gari kwa kukata springi, kazi ya hovyo kabisa ile, springi inapoteza urefu na inabaki haikai sawa kwenye kikalio chake.

Kuna wengine wanauza MGB yenye shokapu za bomba mbele wanasema ni oda maalum ya kiwanda. MGB haikuwahi kutoka kiwandani Abingdon na shokapu za bomba, kuanzia 1962 mpaka 1980. Iliyokuwa nazo mbele ni ndugu yake MGC ya 1967 hadi 1969, na ile ilikuwa na saspensheni ya mbele tofauti kabisa ya tosheni ba, yaani fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi.

Muuzaji wako atakuonyesha pia cheti cha kumbukumbu kutoka British Motor Museum, makumbusho ya magari kule Gaydon, Uingereza. Cheti kile ni kizuri, kinakupa tarehe ya kuundwa, namba ya injini, rangi, lakini shokapu wala bushi hazimo humo, asikuuzie karatasi ile kama ushahidi wa saspensheni.

Kinachoniuma zaidi ni hawa wanaowaambia watu shokapu ikivuja usiibadilishe utapoteza orijino, wewe mimina tu oili nzito. Vali za ndani zimepangwa kwa mafuta mepesi, ukiweka mazito shokapu inakuwa ngumu kama gogo, na palipolika panabaki pamelika vile vile, kesho inavuja tena. Na kwenye MGB mkono wa shokapu ya mbele ndio mkono wa juu wa saspensheni yenyewe! Shafti ambayo mkono huo unazungukia ikilika, gurudumu lenyewe linakosa mshiko wake, breki ukikanyaga gari linavuta upande. Watu wanaendesha hivyo wakijisifu gari haijaguswa. Na bushi za raba za 1971, kama kweli ni zile zile, zimeshakuwa ngumu na kupasuka, toa weka mpya za raba ile ile, zile kuukuu zifunge kwenye mfuko uandike zilitoka wapi, mnunuzi anayejua atazithamini.

Kwahiyo kabla hujaongea bei mwambie ainue mbele, vua gurudumu, shika ule mkono wa shokapu uusukume mbele na nyuma kwa nguvu. Mkono ukicheza kwenye shafti, toa gharama ya kukarabati shokapu mbili kwenye bei anayotaka.