Kitako cha bunduki ya urithi: fungua ubao wa mbele kwanza

Ndugu, kwanza pole kwa kuondokewa na babu. Umeeleza kwamba amewaachia bunduki ya Kiingereza ya .303, kwamba kitako chake kimepasuka pale pembamba pa kushikia na kimeanza kuliwa na fukusi, na kwamba fundi wa samani hapo Bagamoyo ameahidi kukuchongea kingine kwa siku mbili. Mimi ni seremala wa hapa Tanga, na nimewahi kubadilisha kitako cha bunduki ya aina hiyo hiyo niliyoachiwa na marehemu baba, ambaye aliitumia kufukuza nguruwe mwitu shambani Muheza. Nilikosea mara mbili kabla ya kupatia, na kwa maelezo yako naona makosa yote mawili yanakusubiri.

Suala la leseni nitalipitia haraka. Leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na shamba na nyumba, kwa hiyo kama hamjatoa taarifa polisi, fanyeni hivyo kabla ya kugusa hata skrubu moja, ili silaha ihifadhiwe wakati maombi ya umiliki yanashughulikiwa kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Huyo fundi wa samani naye apelekewe mbao na kitako cha zamani tu. Silaha yenyewe isilale karakanani kwake, na kazi ya kupachika ifanyike mbele ya fundi wa silaha mwenye kibali.

Ukishakuwa na haki ya kuishika, na baada ya kuhakikisha haina risasi, soma maandishi yaliyogongwa upande wa kulia wa soketi, yaani kile chuma ambamo kitako huingia. Utakuta taji, kiwanda, mwaka na aina. Huku kwetu kila bunduki kuukuu husemwa kuwa ya vita vya Tanga vya Novemba 1914, wakati askari wengi wa Mjerumani katika mapigano yale walibeba bunduki za mfano wa 1871, zenye kupakiwa risasi moja moja na kutoa wingu la moshi. Ya baba yangu, ambayo jamaa waliapa kwamba iliokotwa ufukweni baada ya Waingereza kukimbilia melini, ilikuwa imeandikwa Ishapore, India, 1942.

Mwaka una utamu wake, lakini aina ndiyo muhimu, kwa sababu kama ni Mark III, yaani toleo la tatu la bunduki hii, ambalo lilianza kutumika mwaka 1907, basi mbao zake ni vipande viwili vikuu vilivyotenganishwa na soketi: kitako nyuma na ubao mrefu mbele chini ya kasiba, yaani mtutu. Kitako hushikwa na boliti ndefu inayopita katikati yake. Unafungua kifuniko kidogo kwenye bamba la shaba la nyuma, mahali ambapo askari waliweka kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia kasiba, unatoa kipande cha ngozi kilichosokomezwa ndani, kisha unashusha bisibisi ndefu mpaka kwenye kichwa cha boliti. Mimi nilifanya hivyo hivyo, nikaona boliti imekaza, nikaongeza nguvu. Nikasikia mlio kama wa kuni kavu inapopasuliwa.

Sikujua kwamba ncha ya mbele ya boliti ile ni ya mraba, nayo hutokeza mbele ya soketi na kukaa ndani ya kibamba kilichofungwa nyuma ya ubao wa mbele, ili boliti isijifungue yenyewe. Ukiizungusha ubao wa mbele ukiwa bado umefungwa, ule mraba hugeuka kuwa kabari na kuupasua ubao kwa nyuma. Nilikwenda kubadilisha mbao moja nikarudi na mbili mbovu. Kwa hiyo ubao wa mbele utoke kwanza, kwa utulivu, na uangalie springi ndogo iliyo ndani ya ubao huo karibu na mdomo wa kasiba, maana huruka na kupotelea mchangani. Wakati wa kurudisha, hakikisha ule mraba umesimama sawasawa na nafasi yake kabla ya kuulazimisha ubao kurudi mahali pake.

Kosa la pili lilikuwa mbao. Nilichagua mninga, na uchaguzi huo nautetea hadi leo, kwa sababu ni mti usiojipinda, unachongeka vizuri na hausinyai sana ukishakauka. Wapo watakaokushauri mpingo kwa sababu ya uzuri wake, lakini mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na bunduki itakuelemea begani. Tatizo langu lilikuwa kwamba nilinunua mninga mbichi wa Handeni wakati wa masika, nikauchonga wiki ile ile, ukaingia kwenye soketi kwa kubana kama kizibo. Kaskazi ilipoingia, kitako kikaanza kuchezacheza. Cha pili nilikichonga kutoka mwimo wa mlango wa nyumba iliyobomolewa Ngamiani, mbao ambayo ilikuwa imekauka kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Ilinigharimu meno mawili ya msumeno kwa ajili ya msumari uliojificha ndani.

Kabla ya kuchora umbo, tazama nyuzi za mbao, kwa kuwa pale pembamba lazima zipite kwa urefu. Zikikatiza kwa mshazari, mpasuko wa babu utarudi. Toboa tundu la boliti kwanza, mbao ikiwa bado ni gogo la mraba, kwa sababu keekee ikienda upande unaweza kulisogeza umbo lifuate tundu, ilhali tundu haliwezi kulifuata umbo. Pima pia mkono wako. Vitako hivi vilitengenezwa kwa urefu tofauti, na herufi iliyogongwa juu karibu na bamba hueleza: L ni kirefu kuliko cha kawaida kwa nusu inchi, S ni kifupi kwa nusu inchi, na B ni kifupi kwa inchi nzima.

Kupachika ndiko kulikonichukua siku nne, na ndiyo maana siamini siku mbili za fundi wako. Nilichukua masizi ya kibatari, nikayachanganya na tone la mafuta ya nazi, nikapaka ndani ya soketi kwa kidole, nikaingiza kitako na kukigonga taratibu kwa nyundo ya mti, kisha nikakitoa. Palipokuwa peusi ndipo palipogusa, nami nikapakwangua kwa patasi, unene wa karatasi tu, nikarudia. Mwanzoni kulikuwa na alama moja upande wa juu. Kufikia jioni ya siku ya nne weusi ulikuwa umeenea uso wote wa mbele. Bunduki ikipiga, teke lote hupitia hapo, na mbao ikigusa mahali pamoja tu, hapo ndipo itakapopasukia. Vaa barakoa wakati wa msasa, kwani vumbi la mninga huwasha pua na kifua.

Vanishi usiitie, kwa kuwa kwa jasho na hewa ya chumvi ya pwani hubanduka kama magamba. Tumia mafuta ya kitani, upake kidogo kidogo kwa kiganja mpaka mbao ipate joto, na usubiri yakauke kabla ya kurudia, jambo ambalo wakati wa mvua huchukua siku kadhaa. Matambara uliyopakia yatandaze nje au yaloweke majini, maana yakikunjwa na kuachwa pembeni hujichemsha yenyewe hadi kuwaka moto.

Kitako cha zamani usikitupe, hata kikiwa kimeliwa. Cha baba nilikipulizia dawa ya wadudu na kukifunga kwenye gunia, na kila nikikitoa huona upande wa kulia ule weupe ulioachwa na shavu lake.