Makumbi ya nazi na chatu wangu wa Minneapolis

Januari ile, hapa Minneapolis, Marekani, chatu wangu alijivua gamba vipande kumi na saba. Nilivihesabu nikiwa nimekaa sakafuni, nje theluji, ndani hita ikinguruma. Macho bado yalikuwa na utando, na ncha ya mkia ilivaa pete ya gamba kavu. Pete hiyo ikiachwa hubana damu mpaka ncha ife. Nyoka mwenye afya hulivua lote kwa mkupuo mmoja, kama soksi, kuanzia mdomoni. (Wenzangu wa Tanzania mliosikia wanasiasa wakihubiri kujivua gamba mwaka 2011, jueni kwamba nyoka humaliza kweli.)

Nilishangaa, maana kipimo cha mshale nilichobandika ndani ya kizimba kilionyesha unyevu wa asilimia 60. Msiviamini vile. Nilinunua cha kidijitali, nikakijaribu kwa chumvi: jaza kizibo cha chupa chumvi ya mezani, tia matone ya maji iwe kama mchanga mbichi, kisha funga kizibo na kipimo pamoja ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Baada ya saa 12 hivi kinapaswa kusoma 75. Changu kilisoma 73. Nikakiweka kizimbani: 28!

Huyu ni Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayejiviringisha kama mpira akiogopa. Kwao hujificha kwenye mashimo ya panya na vichuguu, ambamo hewa haikauki upesi kama juu ya ardhi. Mimi nimemweka kwenye kizimba cha kioo chenye mfuniko wa wavu, taa ya joto juu yake. Unyevu wote ulikuwa unapaa. Anataka asilimia 55 hadi 70, na izidi kidogo macho yanapoanza kuwa na rangi ya maziwa.

Nikaanza kunyunyiza maji asubuhi na jioni. Kosa. Kipimo kilipanda hadi 80, saa mbili baadaye kimerudi 30, huku matandiko yamelowa juu, pale pale anapolaza tumbo. Tumbo likishinda kwenye majimaji, magamba hutoa malengelenge na kuoza. Tena wakati ule nilitandika maranda ya mbao, yakaota ukungu mweupe ndani ya wiki. Maranda ya mwerezi na msonobari ndiyo msiyaguse kabisa, mafuta yake humdhuru nyoka.

Kilichonitoa hapo ni makumbi ya nazi. Huku huuzwa yameshindiliwa kama tofali. Mama yangu, mtu wa Unguja, alicheka kwenye simu: "Mwanangu, sisi tunayafukia pwani miezi tupate kamba, wewe unayanunua umtandikie nyoka?"

Loweka tofali kwenye maji ya uvuguvugu, yakiumuka yakamue. Ukifumbata konzi moja yashikane bila kuchuruzika. Tandika kina cha sentimita 8 hadi 10. Kisha, badala ya kunyunyiza, mimina maji taratibu kwenye pembe za kizimba yashuke chini. Mimi hutia glasi moja, kisha nangoja kipimo kabla ya kuongeza. Chini panabaki na unyevu unaopanda polepole, juu pakavu. Wavu nimeufunika karibu robo tatu kwa karatasi ya aluminiamu, mbali na taa, nikaacha nafasi ya hewa. Kinyesi hutolewa siku hiyo hiyo pamoja na makumbi yaliyokizunguka.

Gamba likimng'ang'ania, mweke nusu saa kwenye boksi lenye matundu na taulo iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, kisha mwache apite mwenyewe katikati ya viganja vyako vyenye kitambaa kibichi. Utando wa jicho usiuchokoe kwa kibano. Na ukiona mapovu puani, au anapumua kwa mluzi mdomo wazi, hilo si suala la matandiko tena: mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua nyoka.

Machi alijivua tena. Lilitoka zima, hadi vifuniko vya macho. Nikamtumia mama picha, akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Hiyo soksi usije nayo Unguja."