Kununua vito na kuvuta wahusika kwenye mchezo wa bure wa simu: ni kamari?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mimi ni kijana wa Mikindani, Mtwara. Nacheza Genshin Impact kwenye simu. Mchezo ni wa bure, ila ukimtaka mhusika fulani unamvuta kwa vito, na vito vikiisha unanunua kwa hela. Mama alinitumia hela ya palizi ya mikorosho, nikatoa 180,000 humo nikanunua vito, na niliyemtaka sikumpata. Je, ni kamari? Nikiacha kulipa, naweza kuendelea kucheza? Na naweza kuuza akaunti ili nirudishe hela ya mama?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mwanangu, umeuliza mambo matatu na kila moja lina hukumu yake.

Tuanze na ulichokinunua. Katika mchezo huo mvuto mmoja, yaani kujaribu bahati mara moja upate mhusika au silaha, ni vito 160. Nafasi ya kupata mhusika wa nyota tano, yaani wa daraja la juu kabisa, kwa mvuto mmoja ni 0.6 kwa mia. Ukivuta mara kumi mfululizo, watu 94 kati ya 100 hawapati hata mmoja. Kuanzia mvuto wa 74 hivi nafasi hupanda, na ukifika wa 90 lazima atoke wa nyota tano. Lakini anaweza kutoka mwingine usiyemtaka, kwa uwezekano wa karibu nusu kwa nusu, na hapo yule wako unahakikishiwa tu mara itakayofuata. Kwa hiyo bei ya kweli ya mhusika mmoja kwa asiye na bahati ni mivuto 180, sawa na vito 28,800. Kifurushi kikubwa cha dola 100 hivi kina vito 8,080, basi unahitaji vinne, yaani karibu shilingi milioni moja. Hela uliyotoa wewe haizidi sana mivuto 30. Kama ulianza hesabu ya mivuto kwenye sifuri, nafasi ya kupata nyota tano yeyote haikufika 20 kwa mia.

Sasa hukumu. Katika Suratul Maida, aya ya 90, Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi kuwa ni uchafu katika kazi za shetani, akaamrisha tujiepushe nayo. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza biashara ya gharari, yaani ya kitu kisichojulikana, katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira. Watu wa kusini mnalielewa hili kuliko wengi. Kwenye mnada wa korosho mnunuzi anajua kilo na daraja kabla hajataja bei. Fikiria mtu akwambie: toa hela, nitakupa gunia lililofungwa, huenda ni daraja la kwanza, huenda ni maganda, na hairudishwi. Nani atakubali? Kuvuta kwa hela ndivyo kulivyo.

Wapo wanaosema, "Si kamari, maana kila mvuto unapata kitu." Ni kweli unapata, mara nyingi silaha ya nyota tatu. Lakini hakuna anayetoa vito 160 kwa ajili ya silaha hiyo, na kanuni ya fiqhi ni kwamba mambo huhukumiwa kwa makusudio yake. Umelipia bahati. Kwa hiyo kununua vito kwa nia ya kuvuta haijuzu, na kadi ya mwezi ya dola 5 inayokupa vito 90 kila siku inaingia humohumo kama mwisho wake ni kuvutia. Hata serikali zisizoongozwa na sharia zimeona madhara ya mtindo huu: mwaka 2018 Ubelgiji iliyahesabu masanduku ya bahati ya kulipia, yaani zawadi za michezo unazolipia bila kujua utapata nini, kuwa kamari.

Kucheza bila kulipa ni jambo jingine. Asili ya mchezo ni uhalali, na vito vya bure hujavitolea mali, basi nguzo ya kamari, kuhatarisha mali, haipo. Siwezi kukuharamishia, ila kwako wewe uliyekwisha kuingia naona kuacha ni salama zaidi. Kazi nne za kila siku ndani ya mchezo zinatoa vito 60. Ukitegemea hizo peke yake, vito 28,800 ni siku 480, na bango la mhusika, yaani kipindi anachoweza kuvutwa, hukaa wiki tatu hivi. Pengo hilo ndilo linalomsukuma mtu kulipa. Tena kwenye seva ya Ulaya siku mpya huanza saa 12 asubuhi kwa saa zetu, na anayekesha kumaliza kazi kabla ya hapo Alfajiri yake iko hatarini. Ukiendelea, jua hili pia: hesabu ya mivuto yako haipotei bango likifungwa, inahamia kwenye bango linalofuata la aina ileile. Usilipe kwa hofu ya kuipoteza.

Usitegemee nia peke yake. Ondoa kadi na namba yako ya malipo kwenye Play Store, kisha weka nenosiri liombwe kwa kila ununuzi. Manunuzi yakiwa hayajapita saa 48, omba Google wakurudishie hela. Huenda wakakubali.

Kuuza akaunti nakukataza. Masharti ya mchezo hayakupi umiliki wa kuiuza, na aliyefungua akaunti kwa barua pepe yake anaweza kuidai tena, mnunuzi akabaki mikono mitupu. Utamtoa mama kwenye hasara ukamwingiza mtu mwingine.

Hela ya mama ni haki ya mja, na toba ya haki ya mja haitimii kwa istighfari tu. Mwambie ukweli, mrudishie 180,000, hata kwa elfu ishirini ishirini, isipokuwa akusamehe kwa ridhaa yake bila ya wewe kumbana. Na anza na palizi: kama magugu bado yapo, chukua jembe uende shambani wiki hii, mkubaliane kazi yako ihesabiwe kiasi gani katika deni. Kisha toa sadaka hata kidogo, kwani Mtume amemwamrisha anayemwambia mwenzake "njoo tucheze kamari" atoe sadaka, na wewe ulikwenda mbali zaidi ya kusema.

Wallahu aalam.