The Stand: muulize kwanza aliishia wapi

Kwa miaka mitatu nilitangaza kwamba The Stand, riwaya ya Stephen King, yule Mmarekani wa hadithi za kutisha, ni kitabu cha hovyo. Nilisema ofisini, nikasema hata msibani Tabata tukiwa kwenye viti vya plastiki tunasubiri chai. Watu walinisikiliza, maana anayeonekana na kitabu cha kurasa zaidi ya 1,100 hudhaniwa kakimaliza. Mimi sikukimaliza. Nilikiacha katikati, pale walionusurika na ugonjwa walipofika Boulder, Colorado, wakaanza kuitisha vikao.

Aliyeniumbua ni shemeji yangu, mume wa dada. Ni fundi friji, maneno yake ya kuhesabu, na hasomi ila usiku. Siku moja nakiponda kitabu mbele ya wageni akaniuliza, "Shemeji, uliishia wapi?" Nikasema niliishia huko mbele. "Mbele wapi? Harold alikuwa ameshaanza kazi ya kuzika?" Sikujua kama Harold alizika mtu. Shemeji akarudi kwenye ubwabwa wake, na mimi nikajifanya napokea simu.

Basi kama unataka kukisoma na maoni ya watu yanakuchanganya, wengine wanaapa King hajaandika kitu bora kuliko hicho, wengine wanasema kinafaa kuzuia mlango usipigwe na upepo, anza na swali la shemeji. Maoni mengi makali juu ya kitabu hiki ni ya watu walioshukia njiani. Si dhambi kushuka. Ila ujue huyo anakusimulia safari ya Dar mpaka Morogoro wakati wewe unakwenda Mwanza.

Baada ya hapo uliza ni toleo gani. Hili nimelijua kwa ugomvi. Nilipokirudia na kukimaliza, nikamwendea shemeji nimejaa maneno, nikamwambia jinsi nilivyochukizwa na safari ya Trashcan Man, yule mchomaji moto, akiwa na kijana mwendawazimu anayejiita The Kid. Shemeji akasema hakuna safari hiyo. Nikasema ipo. Tulibishana mpaka dada akatuletea maji. Mwishowe akaingia ndani akatoka na nakala yake, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Kumbe yeye kasoma toleo la 1978, lenye kurasa 823, na mimi la 1990, lenye 1,152. Mwaka 1978 wachapishaji walimtaka King apunguze kurasa kama 400 za mswada. King mwenyewe anaeleza kwenye utangulizi wa toleo la 1990 kwamba sababu ilikuwa hesabu za pesa, bei ya kitabu na gharama za kukichapa. Alipokuwa na jina kubwa akazirudisha nyingi, akasogeza na mwaka wa hadithi kutoka 1980 hadi 1990. Ndiyo maana utakuta vijana wa 1990 wanaongea kama wazee wao. Wanaolalamikia hilo wana haki.

Ushauri wangu, na shemeji hakubaliani nao: kama hujawahi kumsoma King, tafuta la 1978. Lile refu ni la mtu aliyekwisha kunogewa.

Mwanzoni, wanaosifu na wanaoponda hukubaliana. Homa imetengenezwa na jeshi la Marekani kwenye maabara ya siri, inavuja, mlinzi mmoja anatoroka na familia yake mpaka Arnette, mji mdogo wa Texas, anagonga pampu za kituo cha mafuta. Kutoka hapo watu zaidi ya 99 katika kila 100 wanakufa. Sura ya 8 nimeisoma mara nne. Ni fupi na haina jini wala damu. Trafiki, binamu wa mwenye kile kituo cha mafuta, anamsimamisha wakala wa bima kwa mwendo kasi, anamwandikia faini, na homa anampa bure. Wakala ni mtu mchangamfu, anapenda kazi yake, anaipeleka kwa watu zaidi ya 40 siku hiyo na inayofuata. Basi. King anaandika kama mhasibu anayejumlisha. Mara ya kwanza niliisoma ndani ya basi la mwendokasi la saa kumi na mbili jioni, nimebanwa dirishani, mama mmoja anakohoa kwenye bega langu. Nilishuka kituo kisicho changu.

Mpenda vitisho vya giza ataikuta sura ya Larry, mwanamuziki, akivuka handaki la Lincoln kutoka New York kwa miguu. Magari yamejaa, waliokufa wako ndani yake, taa hakuna, mkononi ana kiberiti cha gesi kinachomchoma vidole. Hii sijasikia mtu akiiponda.

Ugomvi uko katikati. Watu wanafika Boulder, inaundwa kamati ya watu saba, na unaanza kusoma nani kapendekeza nini na nani kaunga mkono. Hapa ndipo nilipoacha, na wengi wanaacha hapa. Na mwandishi mwenyewe anawaunga mkono kwa namna fulani: katika kitabu chake cha 2000 kuhusu kazi ya uandishi anasimulia kwamba hapo alikwama, akawa anatembea wiki kwa wiki akitafuta njia, na kama asingekuwa ameshaandika kurasa zaidi ya 500 angekiacha. Dawa aliyoipata ilikuwa bomu, kwa maana halisi ya neno. Sitakuharibia uhondo.

Lakini niliporudi mara ya pili nilikuwa nimekuwa katibu wa kikundi cha kuzikana mtaani kwetu kwa miaka miwili, na vikao vile vikanishika kooni. Mji una maiti kila nyumba. Nani atazitoa? Zipelekwe wapi? Umeme ukirudishwa, mashine na majiko yaliyoachwa yamewashwa siku watu walipokufa yatafanya nini? Mtu ambaye hajawahi kusimamia hata turubai la msiba ataona hizo ni kurasa za kujazia. Na ndani yake kuna huyo Harold wa shemeji: kijana mnene, mwerevu, mwenye kinyongo, anajiunga na wanaozika, na wenzake wanampa jina la utani, Hawk. Kwa mara ya kwanza watu wanamheshimu, na anajua kwamba anaweza kuacha chuki yake palepale. Kwangu hofu yote ya kitabu iko hapo, kuliko kwa Randall Flagg, yule mtu mwovu wa Las Vegas, ambaye kadiri unavyomjua ndivyo anavyopungua.

Mwisho je? Wengi wanasema King ameumalizia kwa muujiza, na mimi niko upande wao, ingawa dada yangu, mlokole, anasema muujiza ulitangazwa tangu ndoto za kwanza za walionusurika ila sisi hatukusikia. Tumeliacha hapo.

Kuna lalamiko moja linalotuhusu zaidi, la Mama Abagail. Ni bibi mweusi wa miaka 108 kutoka Nebraska, anawaita watu kwenye ndoto, na wasomaji wengi wa Marekani wamechoka na bibi wa aina hiyo, mcha Mungu aliyewekwa hadithini kuwaonyesha wazungu njia. Wana hoja. Hata hivyo usiruke sura anayokumbuka siku aliyopanda jukwaani na gitaa lake mwaka 1902, binti peke yake mbele ya ukumbi wa wazungu wasiomtaka. Sura hiyo ni yake mwenyewe, haimhudumii mtu. Ningependa King angeendelea naye hivyo. Nje ya Marekani hutaona karibu chochote, isipokuwa wakubwa wa jeshi wakiamuru ugonjwa usambazwe nchi nyingine ili lawama isiwe yao peke yao. Sisi tumekufa kwa amri ya simu.

Sasa namna ya kukisoma. Nakala yangu niliinunua kwa wauza vitabu vya mtumba, nzito kama tofali, na kusoma umesimama kwenye basi haiwezekani. Nikaipasua. Nilichukua kisu cha kukatia kapeti, nikaifungua mgongo pale penye mshono wa gundi, nikapata vipande vinne, kila kimoja nikakivika jalada la kalenda ya mwaka jana na gundi ya mbao. Hadithi ina sehemu tatu, lakini ya katikati ni nene, ikate mara mbili. Mke wangu alinikuta sebuleni na kisu akaniita mchawi. Kile kitendo kimenisaidia kuliko ushauri wowote: kipande cha kurasa 280 hakitishi mtu.

Majina usiyahangaikie mpaka robo ya kwanza iishe, wengi wanakufa. Kiingereza chake ni cha mtaani, cha mafundi na walevi wa Texas. Ukifungua kamusi kila mstari utachoka kabla ya homa kuanza. Na usikisome ukiwa mgonjwa. Mimi nilikirudia 2020, wakati wa korona, kwa ubishi tu, na ingawa King mwenyewe Machi mwaka ule aliwaambia watu kwamba korona si kama ugonjwa wa kitabu chake, usiku nilikuwa naamka kupima pumzi. Pia kuna ukatili wa kingono, hasa kwenye toleo refu. Kama hilo ni jambo usilotaka kukutana nalo, hii ni sababu nyingine ya kuchukua la zamani.

Kipande cha kwanza sasa kiko kwa jirani yangu wa chumba cha pili. Juzi alinisimamisha bombani, ndoo mkononi, akauliza kama yule trafiki atapona. Nikamuuliza amefika ukurasa wa ngapi.